Samaki Gani Wakae Pamoja Kwenye Tangi Dogo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya nimeyajibu kwa simu na sebuleni kwa watu, Mbeya mjini, Iringa na Njombe, mpaka nikaona niyaandike mahali pamoja. Maelekezo mengi yanayozunguka yanamfaa mtu wa Dar au Tanga. Samaki aliyestawi Kinondoni bila hita anaweza kufa Uyole ndani ya juma moja, na mwenye tangi akaamini ana mkono mbaya. Kumbe kosa lake ni kuchagua samaki kwa rangi, bila kuuliza kwanza baridi ya nyumbani kwake.

## Kabla ya kununua

1. Tangi dogo ni la ukubwa gani?

Hapa nazungumzia tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, ambalo fundi vioo yeyote anaweza kukuunganishia kwa silikoni. Hesabu yake ni lita 54, lakini ukitoa changarawe, mawe na nafasi ya juu unabaki na lita 45 hivi za maji. Hizo lita 45 ndizo za kupigia hesabu.

Ukiwa na uwezo wa kuongeza, ongeza urefu, usiongeze kimo. Samaki wengi wadogo huogelea kwenda na kurudi, na maji hupata hewa kupitia uso wake wa juu. Bakuli la duara achana nalo. Kumbuka pia kwamba lita moja ya maji ni kilo moja: tangi hili likijaa, pamoja na kioo na mawe, linakaribia kilo 70. Meza ya kahawa ya sebuleni si mahali pake.

2. Mnaposema samaki "wanapatana" mnamaanisha nini? Kwamba hawapigani?

Kutopigana ni la mwisho. La kwanza ni maji: je, wote wanataka joto moja na aina moja ya maji? La pili ni ukubwa wao wakishakomaa, kwa sababu samaki humla yeyote anayeenea mdomoni. La tatu ndiyo tabia: mkali, mwoga, anayependa kundi, anayeng'ata mapezi ya wenzake.

Watu wengi huanza na la tatu, wanaona samaki wametulia pamoja dukani, wananunua. Dukani wamekaa siku mbili, na wote ni watoto. Utulivu ule haukuambii chochote kuhusu Desemba.

3. Nimejaza maji leo. Kesho naweza kuweka samaki?

Hapana, na hili ndilo linaloua samaki wengi kuliko kutopatana. Uchafu wa samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye filta na changarawe huigeuza kuwa naitriti, nayo bado ni sumu, kisha wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, na kwenye maji ya baridi kama yetu huchelewa zaidi.

Njia ya mkato iliyo salama ni moja tu: omba kipande cha sponji chafu kutoka kwenye filta ya mtu mwenye tangi la siku nyingi lisilo na ugonjwa, ukiweke kwenye filta yako. Kisafirishe kikiwa ndani ya maji, kisikauke. Hata hivyo anza na samaki wachache, wengine uwaongeze kila baada ya wiki mbili.

## Baridi

4. Naweza kufuga bila hita hapa Mbeya?

Unaweza, ukichagua samaki wa baridi. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai nje hushuka chini ya nyuzi 10. Tangi halifiki huko kwa kuwa liko ndani, lakini nyumba zetu hazina kinga ya baridi. Njombe ni kukali zaidi, Iringa mjini kuna nafuu kidogo.

Kwa hiyo usinunue samaki, nunua kipimajoto kwanza. Weka ndoo ya maji pale utakapoweka tangi, tumbukiza kipimajoto, usome alfajiri kwa siku saba mfululizo, ikiwezekana kwenye Julai. Namba ya chini kabisa utakayoiona ndiyo itakayokuchagulia samaki.

Ikiwa ni 18 au zaidi, wapo wengi wa kuchagua: zebra danio, plati, na koridorasi wa madoa, yule mdogo mwenye sharubu anayetembea chini. Ikishuka mpaka 15, ninaowaamini ni Wingu Jeupe. Ni samaki wa sentimita 4 tu, mwenye mstari unaong'aa ubavuni na mkia mwekundu, na jina lake limetokana na mlima Baiyun karibu na Guangzhou, China, maana yake wingu jeupe. Ametoka kwenye vijito vya milimani, na hita ya nyuzi 28 humchosha. Nawapenda sana hawa. Kama kuna samaki aliyeumbwa kwa ajili ya sebule ya Mbeya ni huyu, na sielewi kwa nini maduka yetu hayamleti kwa wingi.

Neoni tetra, beta, gapi na anjeli wanataka hita. Gapi huvumilia siku chache za baridi, kisha utaona mapezi yamejikunja na magonjwa yanaanza.

5. Hita ya wati ngapi, na itamaliza Luku?

Kanuni ya kawaida ni wati moja kwa lita moja. Kwa nyumba zetu nashauri wati 100 kwa tangi la lita 54, kwa sababu hita ya wati 50 italazimika kuwaka usiku kucha bila kufikia nyuzi 24. Hita ya wati 100 ikiwaka nusu ya siku inakula uniti 1.2. Punguza kwa kufunika tangi juu kwa kioo na kuweka shiti la povu nyuma na chini. Mfuniko peke yake unasaidia kuliko watu wanavyodhani.

6. Umeme ukikatika usiku nifanyeje?

Julai moja umeme ulikatika kwangu saa nne usiku. Niliamka alfajiri, kipimajoto kinasoma 16. Neoni tetra walikuwa wamelala chini kwenye mizizi ya majani, wamepauka, ule mstari wa bluu umebaki kama uzi, mashavu yanafunguka polepole mno. Kwenye tangi la pili, zebra danio walikuwa wanakimbizana kama kawaida, wananifuata kidole kwenye kioo wakidai chakula. Baridi ilikuwa ile ile. Siku mbili baadaye neoni watatu walikuwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Huo ni ugonjwa unaopenda kufuata baridi ya ghafla.

Tangu siku ile nafanya hivi: blanketi juu ya tangi mara umeme unapokatika, nikiacha upenyo mdogo wa hewa. Simlishi mtu. Nachemsha maji, nayatia kwenye chupa ya lita moja na nusu yakiwa ya moto lakini hayaiharibu chupa, naifunga vizuri, naielea ndani ya tangi. Chupa moja ya maji ya nyuzi 70 hupandisha tangi hili kwa nyuzi moja na nusu hivi, na hiyo inatosha kwa saa moja. Usipandishe kwa pupa. Kila nusu saa nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa. Ukiwa na pampu ya hewa ya betri, huna haja ya kikombe.

Filta ya kufungwa ikikaa saa nyingi bila umeme, isuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha. Bakteria waliokufa ndani yake wasimwagwe kwa samaki.

## Maji

7. Ya bomba, ya kisima au ya mvua?

Ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi saa 24 ndipo uyatumie. Ila klorini aina ya kloramini haitoki kwa kukaa tu, hiyo inataka dawa ya kuondoa klorini. Ukibadilisha sehemu ndogo ya maji na samaki bado wanahema juu juu, fikiria hilo.

Maji ya mvua ni laini sana, na watu wa Tukuyu wanayo tele. Neoni tetra huyapenda, lakini yakitumika peke yake pH yake (kipimo cha uchachu wa maji) huporomoka ghafla kwa kuwa hayana madini ya kuishikilia. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imeosha vumbi la mabati, iache ipite. Plati, gapi na moli hupenda maji yenye madini, kwa hiyo wao wape ya bomba au ya kisima. Hii ndiyo sababu siwapangi moli na neoni nyumba moja, ingawa hawapigani.

8. Huku milimani hewa ni nyepesi. Samaki wanaathirika?

Swali zuri, na nililiuliza mwenyewe zamani. Ndiyo: kwa urefu wa Mbeya, maji ya joto lile lile hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Dar. Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi, kwa hiyo mwenye Wingu Jeupe bila hita halioni tatizo. Anayeliona ni mwenye hita ya nyuzi 27 na samaki wengi. Kwake pampu ya hewa ni ya lazima, na idadi ya samaki inayosemwa kwenye maelekezo ya pwani aipunguze.

## Kupanga wakazi

9. Nitajie basi mchanganyiko wa tangi la lita 54.

Kwa aliye na hita, nyuzi 24: neoni tetra 8 na koridorasi wa shaba 5. Neoni wanakaa katikati, koridorasi chini, hawagombei kitu. Changarawe iwe laini, koridorasi wasichubuke sharubu.

Kwa asiye na hita na alfajiri yake haishuki chini ya 18: Wingu Jeupe 8 na koridorasi wa madoa 5. Inayoshuka mpaka 15: Wingu Jeupe 10 peke yao. Au zebra danio 8 peke yao kama tangi halishuki chini ya 18, kwa sababu hawa ni wakimbiaji na sentimita 60 ndiyo kiwango cha chini kwao.

Ukipenda gapi: madume 6 na koridorasi wa shaba 5, nyuzi 24. Usiwachanganye na zebra danio. Danio hupenda kuujaribu mkia mrefu kwa mdomo.

10. Kwa nini lazima niwanunue kwa kundi? Wawili hawatoshi?

Tetra, danio na koridorasi ni samaki wa kundi. Akiwa na wenzake anajua adui akija ana nafasi ya kupona. Wakiwa wawili hujificha mchana kutwa, au mmoja humwonea mwenzake kwa sababu hakuna wa kugawana naye ugomvi. Fedha yako kidogo? Nunua kundi moja kamili, aina ya pili subiri.

11. Nilianza na gapi wanne, sasa sijui idadi yao.

Jike huzaa karibu kila wiki nne, na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo hata ukimtoa dume leo ataendelea kuzaa. Kama hutaki watoto, fuga madume tu. Kama unawataka, weka majike wawili au watatu kwa dume mmoja, la sivyo jike atafukuzwa mpaka afe kwa uchovu. Plati na moli ni vivyo hivyo.

12. Samaki wa dhahabu na gapi je?

Hapana. Samaki wa dhahabu anapenda ubaridi, gapi anapenda joto. Samaki wa dhahabu wa kawaida hupita sentimita 20, anachafua maji kuliko samaki wote waliotajwa hapa, na gapi mdogo anaenea mdomoni mwake. Tangi la lita 54 halimtoshi hata akiwa peke yake. Mwenye kidimbwi uani, hasa Iringa au Njombe, ndiye anayeweza kumpa maisha mazuri.

13. Beta anaweza kukaa na wengine?

Madume wawili, kamwe. Dume mmoja na koridorasi mara nyingi huelewana. Dume mmoja na gapi madume ni hatari, kwa sababu ule mkia wa rangi anauona kama beta mwenzake. Beta hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo mfuniko ni muhimu sana kwake huku kwetu, hewa inayokaa juu ya maji iwe na joto.

14. Muuzaji ameniambia pleko atasafisha tangi na hatakua. Anjeli naye bado mdogo.

Muuzaji mmoja aliniambia maneno hayo hayo nilipokuwa naanza, nikayaamini. Pleko wa kawaida hupita sentimita 30, na mavi yake ni mengi kuliko mwani anaoula. Tangi la sentimita 60 halimtunzi mdogo, linamdumaza na kumfupishia maisha.

Anjeli akikomaa anahitaji kimo cha zaidi ya sentimita 40, na neoni kwake ni chakula. Oska ni habari ile ile, kubwa zaidi. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: "Huyu akiwa mkubwa kabisa anafika sentimita ngapi?" Asipokujibu kwa namba, usinunue siku hiyo.

## Samaki wa maziwa na mito yetu

15. Sisi tuko karibu na Ziwa Nyasa. Kwa nini nisifuge mbuna, wale samaki wa miambani, wa Matema?

Naelewa kabisa hamu hiyo. Ziwa Nyasa lina zaidi ya spishi 500 za samaki wa ukoo wa sikilidi, ambao mbuna ni sehemu yake, na watu wa Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi kuwapata wale ambao mtoto wa Kyela huwaona akiogelea miambani. Lakini mbuna si samaki wa tangi dogo la mchanganyiko. Dume hushika mwamba wake na kumpiga kila anayesogea, wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH ya 8 hivi na joto la nyuzi 24 na zaidi. Neoni atakayewekwa humo hataiona Jumapili.

Mbuna wanataka tangi lao wenyewe, la lita 200 au zaidi, lenye mawe mengi ya kujificha, na wawe wengi kiasi ili ugomvi usimwangukie mmoja. Na kabla ya kutoa samaki ziwani, ongea na ofisi ya uvuvi ya pale.

16. Perege au kambale mdogo kutoka Mtera?

Kambale atamla kila mmoja, tena usiku, na utaona tu idadi inapungua. Perege atafukua changarawe, ataking'oa kila kilichopandwa, kisha atakuwa mkubwa kuliko sahani yako. Wapeleke bwawani.

## Mambo yasiyo ya kawaida

17. Naagiza samaki kutoka Dar kwa basi. Watafika hai?

Wanafika, ukimwelekeza anayekufungia. Wasipewe chakula siku moja kabla. Mfuko uwe na maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, uwekwe ndani ya deli au boksi la povu. Omba usipakiwe kwenye buti pamoja na mizigo mizito. Safari ni zaidi ya kilomita 800, na kuanzia Makambako kwenda juu baridi ya usiku inauma.

Jambo moja wasilolijua watu wa Dar: mfuko usifungwe ukiwa umekakamaa. Ukishapanda Kitonga na kuendelea huku juu, hewa ya ndani inatanuka, kama pakiti ya krispi iliyofungwa pwani inavyovimba ikifika Mbeya. Nimepokea mfuko uliokaza kama ngoma, fundo limeanza kuvuja.

Ukifika, elea mfuko kwenye tangi dakika 20 ili joto lilingane. Ukishaufungua usikawie: ongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja kwa dakika chache, kisha hamisha samaki kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje, yana amonia ya safari nzima.

18. Walielewana miezi miwili, sasa mmoja anafukuza wote.

Mara nyingi amekomaa, na ameona sehemu ya tangi ni yake. Jaribu kuhamisha mawe na majani yote siku moja, ili kila mmoja aanze upya bila mipaka ya zamani. Hesabu pia kundi: kama danio walikuwa 8 na wamebaki 3, rudisha idadi (swali la 10). Kama anayefukuzwa ana mapezi yaliyochanika na hali tena, mtoe leo, hata kwa kumweka kwenye ndoo yenye pampu ya hewa. Akiachwa mpaka wikiendi atakuwa amekufa.

19. Nahama, siwezi kuendelea. Niwamwage mtoni?

Tafadhali usifanye hivyo. Nenda ukaone Ziwa Masoko, lile dogo la kreta karibu na Tukuyu. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba samaki wa aina moja waliomo humo wameanza kutengana kuwa makundi mawili, wa manjano wanaokaa pembezoni na wa bluu wanaokaa kilindini, na kwamba utengano huo umetokea katika miaka isiyozidi elfu moja hivi. Ni ziwa unaloweza kulizunguka kwa miguu. Gapi wachache au ugonjwa wa vidoa uliotoka kwenye ndoo ya mtu mmoja vinatosha kuharibu kitu ambacho hakipo mahali pengine popote duniani.

Wape jirani, rudisha dukani hata bure, au peleka shule ya sekondari iliyo karibu, walimu wa baiolojia huwapokea kwa furaha. Watoe pamoja na filta yao ikiwa bado mbichi, na huyo atakayewapokea hatahitaji kusubiri zile wiki sita za swali la 3.